Akina, Kundi, Shehena

Kama ulisoma shule ya msingi Tanzania, orodha hii bila shaka unaikumbuka: shada la maua, tita la kuni, mkungu wa ndizi, umati wa watu, kikosi cha askari, genge la wezi, safu ya milima, bunda la noti, thurea ya nyota. Nomino za jamii, ndivyo tulivyoambiwa zinaitwa. Vitabu vingine vinasema nomino za makundi. Tulizikariri kama tulivyokariri tebo ya kuzidisha. Ukiandika "kundi la nyota" kwenye mtihani unakatwa alama, ingawa nyota zenyewe hazijawahi kulalamika.

Kati ya zote, thurea ndiyo iliyonikaa kichwani, kwa sababu sijawahi kumsikia mtu akiitamka nje ya darasa. Si Mbeya, si Iringa, si kwenye basi la kutoka huku kwenda kule. Asili yake ni Kiarabu, na huko Uarabuni neno hilo si la kundi lolote la nyota. Ni jina la kikundi kimoja tu, kile kidogo kilichosongamana, ambacho Kiswahili kilishakipa jina lake zamani: kilimia. Limo neno kulima ndani yake. Mwezi Novemba, jua likishazama, kilimia kinachomoza upande wa mashariki, na Novemba kwetu Nyanda za Juu Kusini ndiyo mvua zinaanza na watu wanaingia shambani. Yaani tulikuwa na neno lililoshika jembe, tukafundishwa lile la kujibia mtihani.

Waingereza wana ugonjwa huu kutuzidi. Kuna kitabu cha mambo ya uwindaji na ya kiungwana kilichochapwa Saint Albans mwaka 1486, na ndani yake mna orodha ndefu ya namna ya kuita kila kundi. Simba wakiwa pamoja ni "fahari". Masista, watawa wa kike, wakiwa pamoja wanaitwa kitu kama "ziada", kwa maana ya kwamba wamekuwa wengi kupita mahitaji. Hadi leo watu wanazipenda orodha hizo, wanazichapa kwenye vikombe vya chai. Mimi ninapoisoma ile ya masista huwa najiuliza swali moja tu. Aliyelitunga hakuwa sista, au siyo?

Maneno ya makundi yanayofanya kazi kweli ukiyataka, nenda soko la Mwanjelwa asubuhi. Hapo hakuna thurea. Kuna fungu, kisado, debe, tenga, kiroba, gunia. Nyanya za Ilula zinapanda lori zikiwa kwenye matenga. Ndizi za Rungwe zinashuka zikiwa mikungu, halafu zinauzwa kwa chane. Na kuna lumbesa, neno ambalo mkulima wa viazi wa Mbeya, Njombe au Iringa halitamki bila kukunja uso. Lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, likashonewa kofia ya kamba juu, likajazwa tena, na mnunuzi analipa gunia moja. Sheria haitaki gunia la mazao lizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wanapita, wanakamata, wanatoza faini, na msimu mwingine ukifika lumbesa ipo palepale barabarani imekaa kama mjamzito. Mama mmoja anayelima viazi aliniambia, akinionyesha ile kofia kwa kidole: "Baba, hapo juu ndipo ilipo ada ya mtoto."

Sijasikia maelezo bora zaidi ya nomino za jamii. Neno la kundi linachukua vitu vingi na kuviita kimoja. Kazi yenyewe iko kwenye tofauti: kati ya kile kimoja na vile vingi, kuna kitu kimepotea, na kuna mtu amekilipia.

Kwenye watu ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa zaidi ya miaka kumi, nikianzia Iringa na baadaye Mbeya, na kazi yetu kwa sehemu kubwa ni kuwapa watu majina ya jumla. Hatuna nafasi ya kuwataja wote. Wakulima wamelalamika, wafanyabiashara wamegoma, wananchi wameomba. Kwa Kiswahili kuna jambo linalotokea hapo ambalo wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza hawalioni kwa urahisi, kwa sababu lugha yetu inalibandika mbele ya kila kitenzi. Mtoto analia, watoto wanalia. Mtu amefika, watu wamefika. Uhai una kiambishi chake. Hata mnyama tunampa: ng'ombe wanakunywa, simba ameonekana, kuku wametoroka. Ukisema "kuku zimetoroka" bibi yako atakusahihisha, au atakucheka.

Lakini watie watu ndani ya neno la kundi uone. Umati umekusanyika. Kikosi kimeondoka. Genge limekamatwa. Kundi la vijana limevamia. Ile *wa* imekwenda wapi? Imebaki pale katikati, kwenye "la vijana", inasindikiza. Anayetenda sasa ni *li*, kiambishi kilekile cha jiwe, tunda na gari. Kuku akitoroka tunamhesabu kuwa ana roho. Vijana ishirini wakivamia tunawapa sarufi ya gunia. Sisemi kuna njama. Lugha haina kamati inayokaa usiku. Ila nimeona mara nyingi kwamba mwandishi akitaka kuandika jambo baya bila kumwangalia aliyelifanya, kidole chake chenyewe kinatafuta *li*.

Ubaya wa nadharia yangu ni kwamba usemi mbaya kuliko yote kwenye magazeti yetu haukutumia *li*. Umebaki na *wa* zake kamili: wananchi wenye hasira kali.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa. "Kibaka auawa na wananchi wenye hasira kali." Kichwa hicho kimechapwa mara nyingi mno kiasi kwamba maneno hayo manne yamegandana kuwa neno moja, kama jina la chama. Hakuna anayeandika "wananchi wenye hasira" peke yake. Hasira lazima iwe kali. Na angalia vyeo vilivyogawiwa. Waliopiga, waliotafuta tairi na mafuta ya taa, wamepewa jina la heshima kuliko yote tuliyonayo: mwana wa nchi. Ni jina tunalolitumia kwenye hotuba za uhuru na kwenye daftari la wapigakura. Aliyekufa amepewa kibaka. Hakuna mahakama iliyokaa, hakuna shahidi aliyeulizwa. Pengine hata simu inayodaiwa kuibwa haijaonekana. Kichwa cha habari kimeshatoa hukumu mbili kwa pande zote mbili, na kwa maneno saba tu.

Nilipokuwa Iringa niliwahi kuhudhuria mazishi ya kijana mmoja aliyeuawa hivyo. Sitataja mtaa. Mama yake alikuwa ameshika gazeti lililokunjwa, na kila mwandishi aliyemsogelea alimuuliza jambo lilelile, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia nauli: "Hawa wananchi ni akina nani? Maana hapa mtaani tunajuana." Hakuwa anafanya kejeli. Alitaka majina. Polisi nao waliyataka, kwa namna yao, na taarifa yao ikasema uchunguzi unaendelea. Wananchi wenye hasira kali hawajawahi kukamatwa. Utamkamataje mtu ambaye jina lake ni nchi nzima?

Kuna ndugu yake, aliyezaliwa baadaye: watu wasiojulikana. Lilikuwepo tangu zamani kama maneno ya kawaida ya polisi, lakini tangu Septemba 2017, Tundu Lissu alipopigwa risasi Dodoma, limekuwa jina hasa, lina uzito wake, linasemwa kwa kushusha sauti. Vibodi vya mtaani Mbeya wanalitumia kutaniana: "Usije ukachukuliwa na wasiojulikana." Ni jina la kundi ambalo kazi yake ni kukataa kutaja. Nalihusudu kwa upande mmoja: angalau linakiri kuwa hatujui. Wananchi wenye hasira kali linajifanya linajua.

Kabla sijaenda mbali, neno kuhusu *vi*. Watu wengi wameshaona kwamba Kiswahili kimewaweka baadhi ya binadamu kwenye ngeli ya vitu: kibaka, kilema, kiziwi, kipofu, kiwete. Vilema wakapandishwa wakawa walemavu, kisha watu wenye ulemavu, na tangu 2010 tuna sheria yenye jina hilo. Wanaofanya kazi na jamii hiyo waliupigania mabadiliko hayo na nakubaliana nao. Ila kuna rafiki yangu mwalimu wa Kiswahili, mbishi, ambaye kila nikilianzisha hili ananiuliza kuhusu viongozi. Nao wako kwenye *vi*, pamoja na vijana na vinyozi, na hatujawahi kusikia kiongozi akilalamika kwamba ngeli imemdhalilisha. Hoja yake ni kwamba dharau haimo kwenye kiambishi, imo kwa anayesema. Hatujamalizana.

Sasa kabila, maana ukiishi kati ya Iringa na Mbeya huwezi kulikwepa. "Wewe mwenzetu ni nani?" Swali hilo utaulizwa kwenye basi kabla hujafika Makambako.

Jina Wahehe, wanasema wengi walioandika historia yao, lilitokana na ukelele wa vita. Katikati ya karne ya 19 hapakuwa na watu wanaojiita Wahehe wakiwa pamoja. Palikuwa na tawala ndogondogo, kila moja na mtwa wake. Munyigumba akaziunganisha kwa mkuki, mwanawe Mkwawa akaendeleza, na wale waliokuwa upande wa pili wa uwanja wa vita walisikia "hee, hee" zikishuka mlimani. Jina la kundi, basi, lilianzia kwenye masikio ya watu waliokuwa wanakimbia. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wajerumani wa Zelewski nao wakalisikia, na Zelewski hakurudi. Ukienda Kalenga leo kwenye makumbusho yenye fuvu la Mkwawa, lililorudishwa 1954, utakuta watoto wa shule wamepanga mstari, na Uhehe wao hauna shaka yoyote. Umri wa jina ni mfupi kuliko wanavyodhani. Sioni kama hilo linaupunguza.

Wanyakyusa ni kisa kingine. Wajerumani walipofika kule Rungwe na Kyela waliwaita watu wa huko Wakonde. Wamisionari wa Moravian walijenga Rungwe mwaka 1891 katikati ya watu ambao, ukiwauliza, wangejitaja kwa namna nyingi: Wakukwe, Waselya, Walugulu wa huko (si wale wa Morogoro), na Wanyakyusa wakiwa kundi moja tu kati ya hayo. Mwanahistoria John Iliffe, katika kitabu chake cha historia ya Tanganyika cha 1979, anaonyesha jinsi makabila mengi tunayoyadhani ya kale yalivyokomaa wakati wa Mwingereza, aliyetaka kila mtu awe na kabila na kila kabila liwe na mkubwa wake, na jinsi Waafrika wenyewe walivyoshika nyundo wakasaidia kujenga. Wanyakyusa ni mmoja wa mifano yake. Bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa milimani juu ya Tukuyu, alikuwa na jibu moja mgeni akimwita Mnyakyusa: "Mimi Mkukwe, mwanangu. Wanyakyusa wako huko chini." Na akienda Iringa kututembelea, siku mbili haziishi anajitambulisha kwa majirani kuwa Mnyakyusa. Nilipomuuliza, alinishangaa. Huku nani anamjua Mkukwe?

Lakini ninachokipenda kutoka huko kwa bibi si jina la kabila. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika kitabu kizima mwaka 1951 kuhusu jambo ambalo hakuwa ameliona kwingine. Vijana wa kiume walikuwa wakifika miaka kumi, kumi na moja, wanatoka kwa baba zao na kujenga vibanda vyao pembeni. Wakikua, wakioa, pale panakuwa kijiji, kijiji cha rika moja. Jirani yako si binamu yako. Ni yule uliyechunga naye ng'ombe. Na sababu waliyoitoa wenyewe ilikuwa ukwangala. Kulitafsiri ni shida. Ni raha ya kukaa na wenzako: kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza, kuwa na adabu za kukaa na watu. Mwanamume anayekula peke yake hana ukwangala hata awe na ng'ombe mia. Hapo kundi halikupewa jina na adui wala na serikali. Msingi wake ni nani unakula naye.

Vijiji hivyo havipo tena. Ardhi ilibana, vijana walikwenda migodini, chai na kahawa zikataka kila mtu na shamba lake. Neno bado lipo, na wazee wa Tukuyu bado wanalitumia kumsema mtu anayejifungia ndani na runinga yake.

Iringa nayo ina kisa cha kijiji na jina, na hiki hakina raha. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, siasa yetu ilihitaji maneno ya kuwaita wale walio nje ya "wakulima na wafanyakazi". Yakapatikana: mabepari, makabaila, wanyonyaji, kupe. Kupe ni mdudu, na Kiswahili hakimbadilishi kwa wingi. Mmoja ni kupe, mia ni kupe. Isimani, kaskazini mwa Iringa mjini, palikuwa na wakulima wa mahindi wenye matrekta na ekari nyingi, na palipotakiwa kuwa na vijiji vya ujamaa wao ndio waliokuwa na kitu cha kupoteza. Siku ya Krismasi, 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alikwenda kwenye shamba la mkulima mmoja, Said Mwamwindi. Walibishana. Mwamwindi alimpiga risasi akamuua, akaupakia mwili kwenye gari, akaupeleka mwenyewe polisi Iringa. Alihukumiwa kunyongwa, na alinyongwa.

Kisa hiki kila mtu wa Iringa anacho, na kila mtu anacho chake. Nimeketi na wazee wa Isimani mara tatu au nne kwa ajili ya makala ambazo hazikutoka jinsi nilivyotaka. Hawabishani sana kuhusu risasi. Wanabishana kuhusu neno. Mmoja atasema walikuwa wanyonyaji kweli, walitulipa kwa kipimo cha pombe. Mwingine atakuuliza kwa hasira kama mtu aliyeifyeka Isimani ikiwa pori kwa mikono yake ni kupe, na amemnyonya nani, mti? Miaka zaidi ya hamsini imepita, matrekta yameshakuwa vyuma chakavu, na bado wanataka waandikwe vizuri.

Nilisema nitarudi kwenye habari, na habari ambayo Mbeya inaandika kuliko pengine mkoa wowote ni hii: lori limekamatwa, ndani mna Waethiopia. Wanatoka wengi wao kusini mwa Ethiopia, maeneo ya Hosaena, wanapita Kenya, wanapita kwetu, wanatafuta Tunduma au Kasumulu, wanaitafuta Afrika Kusini. Barabara ni ileile tunayosafirishia nyanya. Na neno ambalo baadhi ya wenzangu hulitumia bila kufumba macho ni shehena. "Lori lililokuwa na shehena ya wahamiaji haramu." Shehena ilikamatwa. *I*. Kiambishi cha saruji na mbolea. Mwezi Juni 2012, mkoani Dodoma, zaidi ya watu 40, wengi wao Waethiopia, walikosa hewa ndani ya lori lililokuwa linaelekea kusini wakafa, na miili yao ikatupwa porini. Hata siku ile shehena ilikuwepo kwenye habari.

Halafu haramu. Kwa Kiswahili haramu ni sifa ya kitu au kitendo. Pombe haramu, silaha haramu, biashara haramu, ndoa haramu. Mtu tunayembandika neno hilo ni mmoja tu, mwanaharamu, na hilo ni tusi la kurushiana ngumi. Mashtaka ya watu hawa mahakamani ni kuingia nchini bila kibali. Mtu asiye na leseni ya udereva hatumwiti dereva haramu.

Siku moja nilikuwa mahakamani Mbeya, walipoletwa 38 kwa pamoja, wamefungwa pingu wawili wawili, mshtakiwa wa kwanza hadi wa thelathini na nane. Kusoma majina kulichukua karibu dakika arobaini. Karani hakujua jina la mtu linaishia wapi na la baba linaanzia wapi, maana wao hawana jina la ukoo kama letu. Una jina lako, kisha la baba yako, basi. Majina yakawa yanajirudia, mtoto wa huyu ana jina la baba wa yule, na kila karani alipokosea, watatu wanaitika au haitiki hata mmoja. Hakimu alivua miwani. Askari walisinzia. Mimi niliandika yote 38 kwenye daftari langu, nikijua hayatatoka.

Nilimtumia mhariri kichwa cha habari: Waethiopia 38 kizimbani Mbeya. Akanipigia. Akasema aweke "wahamiaji haramu 38", nafasi ni finyu. Nikamwambia "Waethiopia" ni fupi zaidi, ahesabu herufi. Kimya kidogo. Akasema msomaji hataelewa kosa lao ni nini. Kikatoka cha kwake. Gazeti silitaji kwa sababu tabia hiyo si ya gazeti moja, na mhariri yule ni mtu mwema aliyenifundisha mengi, likiwemo hilo la kuhesabu herufi.

Mkalimani wa siku ile alikuwa kijana wa Hosaena ambaye naye alikamatwa miaka ya nyuma, akakaa gerezani, akajifunza Kiswahili humohumo. Kiswahili chake kilikuwa cha gereza kabisa, cha amri na cha utani. Tulikunywa chai kibandani nje ya mahakama. Nilimuuliza wao wenyewe wanajiitaje wakiwa njiani, lile kundi. Nilitegemea neno zuri la kwao, la kuandikia makala kama hii. Akafikiri.

"Hatujiiti. Tunamtaja mmoja."

Akanieleza kwamba ndani ya lori mnakuwa wengi hamjuani, giza, hakuna kusema. Mnayemjua ni yule wa pembeni. Kwa hiyo ukimtafuta mtu baadaye, gerezani au mpakani, unauliza wale waliokuwa na fulani. Nikamwambia kwa Kiswahili hilo lipo, linaitwa akina. Akina fulani. Akacheka, alikuwa akilisikia kila siku kwa askari, "akina nyie tulieni", hakujua kwamba ni neno la heshima. Sikumsahihisha sana, kwa sababu si la heshima sikuzote. Lakini ni neno pekee la kundi ninalolijua ambalo haliwezi kusimama bila mtu mmoja mwenye jina. Akina mama, akina Mwaipopo, akina sisi. Na linachukua *wa*. Akina fulani wamefika.

Gerezani, akaendelea, ilikuwa tofauti. Kule waligawanywa kwa sahani. Ugali unakuja kwenye sahani moja kubwa, watu watano wanaizunguka, na ukishakaa kwenye sahani hiyo siku ya kwanza ndiyo sahani yako mpaka unatoka. Watu walijulikana hivyo. Sahani ya dirishani, sahani ya mlangoni, sahani ya wasiokula maharage. Mtu akiumwa, sahani yake inamwekea fungu. Mtu akiachiwa, sahani inabaki na nafasi siku mbili tatu kabla hawajamweka mwingine.

"Yangu ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni," akasema, akaanza kuhesabu kwenye vidole vya mkono ulioshika kikombe. "Mimi. Mmoja yuko Johannesburg, ana duka. Wawili walirudishwa nyumbani, mmoja kati yao ameanza tena safari, nasikia yuko Moyale. Na kulikuwa na mzee wa Kinyakyusa, kesi ya ng'ombe. Huyo ndiye aliyetufundisha Kiswahili. Alikuwa hawezi kula kama hamjakaa wote."

Karani akatoka mlangoni kumwita. Kulikuwa na wengine kumi na mmoja wameletwa.